Mwizi ni nani? Kwa nini watu wetu hawanyamazi mbele ya mchezo wa fumbo



Kila mara vijana waliomaliza masomo wanapokutana, hakosi mmoja wa kusema: tuunde kikundi cha teatre, tuzunguke nacho. Tuanze Salamabila, tupite Kabambare, tufike Kasongo, na njia ikikubali tusogee mpaka Kindu. Na mchezo anaoutaka karibu kila mara ni wa namna moja: wa kuchekesha, wenye fumbo ndani. Kitu kimepotea au mtu amekufa, kila mmoja jukwaani anaonekana kuwa na sababu ya kufanya ubaya ule, na paka mwisho njo tunajua nani alifanya. Kiisha mwingine anauliza: "Sasa watu wetu watanyamaza? Mchezo wa kufikiri unataka kimya. Hapa kwetu mtu akiona mwizi anapiga kelele."

Jibu langu ni kwamba hawatanyamaza, na tusiwaombe wanyamaze. Kelele zile ni nusu ya mchezo. Tena kwa mahali kama petu, ambapo mtu anaweza kushtakiwa na jirani zake asubuhi na jioni asiwe hai, kelele zile zinatuonyesha jambo ambalo mkutano wa kawaida hauonyeshi. Nieleze pole pole.

1. Fumbo linafanya kazi namna gani

Waliosoma riwaya za Kiswahili wanamfahamu Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960, na Kisima cha Giningi kikafuata mwaka 1968. Watu wanaomzunguka Bwana Msa wanaongea habari za mizimu. Yeye na kiko chake anataka kujua nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa sababu gani.

Hadithi ya namna ile ina masharti yake. Mkosaji lazima awe mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Ukimleta mtu mpya katika dakika ya mwisho, watu watasema umewadanganya. Dalili ya kweli lazima ionyeshwe wazi, ila ionyeshwe wakati tunaangalia kitu kingine. Na kila mtu jukwaani lazima awe na siri yake, hata kama siri ile haihusu kosa lenyewe. Mmoja anaficha deni, mwingine anaficha mapenzi, mwingine anaficha kwamba hajui kusoma. Ndiyo maana wote wanaonekana wabaya.

Sasa ukiweka kichekesho ndani, kazi ya mwandishi inakuwa nyepesi upande mmoja. Mahali pazuri pa kuficha dalili ni chini ya kicheko. Mwigizaji anaanguka na ndoo ya maji, watu wanacheka mpaka machozi, na katika kicheko kile mtu mwingine anatia ufunguo mfukoni. Umeuona, lakini haukuushika. Mwisho ukikumbushwa, unajipiga paji la uso: "Kumbe! Nilimuona!"

2. Wenzetu wa mbali wanaangalia namna gani

Mchezo wa fumbo unaojulikana kuliko yote duniani ni The Mousetrap wa Agatha Christie, maana yake mtego wa panya. Ulianza London mwaka 1952 na ukaendelea kuchezwa bila kukatika mpaka Machi 2020, Covid-19 ilipofunga majumba ya teatre. Mwaka 2021 ukaanza tena. Mwaka 2012, ulipotimiza miaka 60, ulianza kutembezwa pia katika miji mingine ya Uingereza. Watazamaji wanakaa kimya gizani, na mwisho mwigizaji mmoja anawaomba wasimwambie mtu nje nani ni muuaji.

Lakini hata kule kwao kimya si sheria. Mjini Boston, Marekani, mwaka 1980 kilianza kuchezwa kichekesho kinachoitwa Shear Madness, kilichotokana na mchezo wa Paul Pörtner wa mwaka 1963, ulioandikwa kwa Kijerumani. Mambo yote yanatokea ndani ya saluni ya nywele. Juu ya saluni anakaa mwanamke mpiga piano. Anauawa, na wapelelezi wanafunga mlango. Kuanzia pale watazamaji ndio mashahidi. Mpelelezi anawauliza: huyu anasema hakutoka nje, ni kweli? Na watu wanapiga kelele: anasema uongo, alitoka! Wanauliza maswali, wanasahihisha, na mwisho wanapiga kura nani ni mkosaji. Waigizaji wamejifunza mwisho zaidi ya mmoja, kwa hiyo mchezo wa leo unaweza kwisha tofauti na wa jana. Tena mzaha unabadilishwa kufuatana na mji na habari za siku ile.

Uko pia mchezo wa tatu, The Play That Goes Wrong, wa kikundi cha Mischief cha London, ulioanza mwaka 2012. Ni kikundi cha wanafunzi kinachojaribu kucheza fumbo la mauaji na kila kitu kinaharibika: ukuta unaanguka, maneno yanasahaulika, na maiti inashindwa kutulia. Watu wanacheka makosa ya waigizaji kuliko fumbo lenyewe.

Nimetaja mitatu ile ili tuone kwamba njia si moja. Katika wa kwanza mtazamaji anatunza siri. Katika wa pili anahukumu. Katika wa tatu anacheka kuharibika kwa mambo. Mtazamaji wetu wa Salamabila anafanya mambo yote matatu mara moja, ila ile ya kutunza siri njo inamshinda.

3. Kelele za kwetu zina aina zake

Nimekaa katika michezo ya shule, ya parokia na ya sikukuu vya kutosha, tangu nikiwa kati ya watoto wanaokaa chini mbele. Ukisikiliza vizuri, kelele si fujo tu. Mimi nahesabu aina nne.

Ya kwanza ni kelele ya kuonya. Mwizi ananyata nyuma ya mzee, na watoto wanalia: "Muzee, angalia nyuma!" Mtazamaji anajua zaidi kuliko mtu aliye jukwaani, na ujuzi ule unamuwasha. Hawezi kuuficha moyoni.

Ya pili ni kelele ya kumfahamu mwigizaji. Kwetu mwigizaji si mgeni kama katika filamu. Ni mtoto wa mama fulani, mwalimu wa la tatu, fundi wa simu. Akitoka na nguo ya mke wa pili, kijiji kizima kinamwita kwa jina lake la nyumbani. Kicheko kile hakina uhusiano na hadithi, na mwigizaji asiyejua atachanganyikiwa. Ajuaye anasimama kidogo, anawaacha wamalize, kiisha anaendelea.

Ya tatu ni kelele ya kusahihisha. "Hapana, chef haketi vile!" "OPJ haji bila kuomba pesa ya biki na karatasi!" Pale watu wanapima kama tunasema kweli juu ya maisha yao. Ukikosea jambo dogo, hawatakuamini katika jambo kubwa. Na maiti ikipumua, kuna mtoto mmoja hataiacha ipite: "Mutu wa kufa iko anapumua!" Mtoto yule, ndugu zangu, ndiye mpelelezi wa kwanza katika uwanja. Ametoa ushahidi.

Ya nne ni kelele ya kushtaki. "Ule njo mwizi! Mukamate!" Ndiyo kelele kubwa kuliko zote, na inakuja mapema, mara nyingine hata kabla kosa halijatendeka. Pale ningependa tukae kidogo.

4. Tunamshtaki nani kwanza?

Angalia siku nyingine nani anayepigiwa kelele ya kushtaki. Mara nyingi ni mtu aliyetoka na alama usoni, mtu aliyevaa vibaya, mlevi, mgeni mwenye matamshi ya mbali, au bibi kizee anayekaa peke yake. Hatujasikia bado neno lake. Tumeangalia umbo tu. Mwenye suti na simu kubwa anapita mbele yetu akiwa na sanduku mkononi, na hakuna anayesema kitu.

Mwandishi wa fumbo anajua tabia ile, na anaishi nayo. Anakupa mgeni mwenye sura mbaya ili ukimbilie kwake. Unakimbia, unapiga kelele, unacheka. Kiisha anakuonyesha kwamba mgeni yule ndiye pekee aliyesema kweli. Kicheko cha mwisho kinakuwa juu yako mwenyewe. Hakuumizi, kwa sababu wote tumekosea pamoja, na jirani yako alipiga kelele zaidi kuliko wewe.

Jukwaani kosa lile halina hasara. Nje ya jukwaa lina damu. Mwezi wa Septemba 2021, katika jimbo la jirani yetu la Kivu Kusini, habari zilitaja wanawake 8 waliouawa, kwa moto au kwa mikono ya kundi la watu, kwa sababu waliitwa wachawi. Hakuna aliyeuliza swali la Bwana Msa: nani alikuwa wapi, saa ngapi? Na sisi tunaokaa mahali pa dhahabu, ambapo watu wanatoka kila upande kuja kuchimba, tunajua kitu kikipotea usiku kidole kinaenda wapi asubuhi. Kinaenda kwa asiye na ndugu wa kumtetea.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila anayeshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Wengi wetu tumekariri kifungu kile kwa Kifaransa ili tupite mtihani. Ni wangapi wamekisikia ndani ya matumbo yao? Mimi naamini mtu aliyepiga kelele "mwizi!" mbele ya watu mia mbili, na dakika ishirini baadaye akaona alimpigia asiye na kosa, amekisikia kifungu kile kwa namna ambayo daftari haiwezi kumpa.

Kifaransa chetu cha Kongo kina neno linalofaa hapa. Korti inapotoka mjini kwake na kwenda kukaa mahali pa mbali, tunaita audience foraine. Mwezi wa Februari 2011, korti ya kijeshi ya namna ile ilikaa Baraka, katika teritwari ya Fizi inayopakana na Kabambare, ikamhukumu ofisa mkubwa wa jeshi pamoja na maofisa na askari wengine kwa ubakaji uliotendeka Fizi siku ya mwaka mpya. Mashahidi walisikilizwa, watetezi wakajibu, na hukumu ikatoka baada ya kusikiliza. Sitaki kulinganisha mateso yale na kichekesho. Nataka tuone tu kwamba watu wetu, wakipewa nafasi ya kusikia ushahidi mahali pa wazi, hawakimbii. Teatre ya fumbo inaweza kuwa shule ndogo ya masikio yale.

5. Wazee wa kazi hii wametufundisha nini

Hatuanzi kutoka bure. Lubumbashi ilitoa kikundi cha Mufwankolo, ambacho kilichekesha watu kwa Kiswahili cha kwao, kwenye redio, kiisha kwenye televisheni. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, na wakaucheza katika kijiji cha Kawama karibu na mji. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliwafuata tangu mazungumzo ya kwanza mpaka mwisho, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Jambo la kujifunza pale ni namna yao ya kufanya kazi: hawakuwa na maneno yaliyoandikwa ya kukariri. Walikubaliana hadithi inakwenda wapi, kila mtu akajua kazi yake katika kila sehemu, na maneno yakazaliwa wakati wa kucheza. Kikundi cha namna ile hakiogopi kelele. Mtu akipiga ukelele, mwigizaji anamjibu, na mchezo unaendelea. Aliyekariri neno kwa neno, ukimkata mara moja tu amepotea.

Kwa mashariki ya Kongo, shirika la Search for Common Ground, kupitia Centre Lokole, limetumia kwa miaka mingi teatre ya kushirikisha watu. Waigizaji wanafika mahali, wanaenda sokoni, penye maji, penye pombe, wanasikiliza ugomvi wa pale bila kujitangaza. Kiisha wanatengeneza mchezo juu ya yale waliyosikia, wanaucheza, na ugomvi unapofika juu wanausimamisha. Wanauliza: nani angefanya namna nyingine? Mtazamaji anapanda, anachukua nafasi ya mwigizaji, anajaribu.

Mzizi wa njia ile uko kwa Augusto Boal wa Brazil. Mwaka 1973, akiwa Peru katika kazi ya kufundisha watu wazima kusoma, alicheza habari ya mwanamke aliyegundua kwamba mume wake anamdanganya. Watazamaji walitoa shauri la mwisho, waigizaji wakalicheza. Mama mmoja hakuridhika: alikuwa amesema mke aongee wazi na mume, na kila mara waigizaji walilicheza kwa upole mno. Mwisho Boal akamwomba apande mwenyewe. Mama akashika fimbo ya ufagio, akampiga mwigizaji, akaongea wazi, kiisha akamsamehe. Boal aliona kwamba mtazamaji akinyimwa jukwaa, wewe unatafsiri tu maneno yake, na utayatafsiri vibaya.

Na huko Kamirithu, Kenya, mwaka 1977, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walifanya mazoezi yao wazi mbele ya wanakijiji, na wanakijiji walisahihisha maneno na matendo: mzee haongei hivi, kiwandani hatufanyi vile. Mchezo ulipendwa sana. Novemba mwaka ule serikali iliusimamisha, na mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa. Kicheko cha watu wengi kinasikika mpaka ofisini. Tutarudi kwa hilo.

6. Siri inapanda moto kabla yetu

Kikundi kinachotembea kina tatizo ambalo The Mousetrap haina. Kule London mtazamaji wa kesho hamjui wa jana. Kwetu, tukicheza Salamabila Jumamosi, Jumapili mtu amepanda moto kwenda Kabambare na anasimulia njiani nani alikuwa mwizi. Tutafika na bango letu, na watoto watatupokea na jina la mkosaji. Kumwomba mtu atunze siri ni kazi bure. Hadithi nzuri ni zawadi anayompelekea jirani.

Basi tuchukue dawa ya Boston: tutengeneze mwisho mara tatu. Nitoe mfano wa mchezo tunaoweza kucheza kesho, bila kumfikiria mtu yeyote aliye hai.

Kuna kundi la AVEC. Wote mnajua sanduku la AVEC: kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu tofauti wanaozitunza, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwaka umekwisha, siku ya kugawana imefika. Wanachama wamevaa vizuri, mama mmoja ameshanunua kitenge kwa deni. Sanduku linafunguliwa, na pesa hazifiki.

Nani yupo? Mjane mzee ambaye sanduku lililala kwake. Mchimbaji mgeni anayepanga chumba katika nyumba ya mjane. Mwalimu anayeandika daftari, ambaye mshahara wake haujafika. Kijana wa moto, mtoto wa prezida wa kundi, aliyenunua pikipiki mpya. Prezida mwenyewe, mama mwenye sauti. Na OPJ, anayekuja kuchunguza na kutaka kwanza apewe kiti, soda na karatasi.

Nina hakika sauti za kwanza zitamwangukia mgeni, na za pili mjane. Tuwaache waseme. OPJ atamfunga mgeni kamba mara moja, watu watapiga makofi. Na katika vurugu ile, kufuli tatu ziko juu ya meza, mbele ya kila mtu, nzima, hazijavunjwa. Mgeni hana ufunguo hata mmoja. Mjane hana hata mmoja. Nani atauliza swali la kufuli? Katika uwanja wenye watu wengi atapatikana mmoja, na mara nyingi atakuwa mtoto, au mama aliyewahi kutunza ufunguo. Tumngoje. Asipopatikana, OPJ aikalie kufuli moja kwa bahati mbaya na kuruka juu: watacheka, na macho yataenda mahali panapotakiwa.

Mwisho wa kwanza: pesa hazikuibiwa, kurasa mbili za daftari ziligandana kwa mafuta ya mandazi, na mwalimu alijumlisha vibaya. Mwisho wa pili: prezida aliwaomba wenzake wawili "nikopeshe kwa juma moja tu," na juma likawa miezi sita. Mwisho wa tatu: kila mwenye ufunguo alimwazima mtu yule yule kwa dakika kidogo, kwa siku tofauti, kila mmoja akidhani funguo nyingine mbili ziko salama. Kila mwisho lazima uwe na dalili yake iliyoonyeshwa mapema: daftari lenye madoa, pikipiki mpya, au mtu anayeuliza mara tatu "ufunguo wako uko wapi?" Dalili zote tatu zinabaki katika kila mchezo. Katika kila mmoja, mbili zinakuwa za kupoteza njia.

Watu wa Kabambare waliosikia habari ya Salamabila watakuja wakijua jibu, na jibu lao litakuwa la uongo. Watacheka wenyewe zaidi kuliko wote.

7. Mambo ya kuangalia

Nimechagua wizi, nimeacha mauaji, na sikufanya vile kwa woga. Mahali ambapo nyumba nyingi zimezika mtu kwa risasi au kwa kukimbia, maiti ya kuchekesha inaweza kumwangukia mama aliyekaa mstari wa pili. Wenzetu wa London wanacheka maiti inayosogea. Sisi tuwaulize kwanza wazee na wamama wa mahali kama kilio kimepita karibuni. Kama kimepita, tucheze kuku aliyepotea; kuku naye anachekesha vya kutosha.

Jina la mtu halisi lisitoke jukwaani, hata kwa mzaha, hata watu wakiliita wenyewe. Wataliita, tujue. Mtu atasema kwa sauti: "Hiyo ni habari ya fulani!" Mwigizaji ajibu kama mtu wa hadithi: "Fulani yupi? Mimi naitwa Mama Prezida, na sanduku ni langu!" Kama tukikubali jina lile, mchezo umekuwa mashtaka, na sisi njo tumeanzisha kundi la kumshambulia mtu. Tungekuwa tumefanya hasa ubaya tunaotaka kuuchekesha.

Wakubwa wa mahali wajulishwe mapema, waonyeshwe hadithi, wapewe kiti cha mbele. OPJ wetu wa kuchekesha atawakera wengine. Njia ya kumlinda ni kumpa pia wakati mzuri: mwishoni yeye mwenyewe amfungue mgeni kamba mbele ya watu na kumwomba radhi. Watu watashangaa kuona mwenye cheo anaomba radhi, na mshangao ule una faida yake.

Baada ya mwisho tusikimbie kukunja turubai. Tukae dakika kumi na tano, tuulize maswali matatu tu. Mlimshtaki nani kwanza? Mlimwona nini? Swali gani lingemwokoa mapema? Tusihubiri. Mtu aliyetoka kucheka hataki mahubiri, lakini atajibu swali, na jirani yake atamkatalia, na wataendelea kubishana njiani mpaka nyumbani.

Gharama si kubwa kama tunavyojitisha. Kufuli tatu, sanduku la mbao, daftari, kiti, kamba. Waigizaji sita wanaojua kusikiliza. Kiswahili tunacho, na ni urithi wa karne ya 19, wakati Kasongo ilikuwa kituo kikubwa cha Tippu Tip na wenzake. Lugha ile iliingia kwetu na biashara ya pembe na ya watumwa, na leo ni yetu kabisa. Tuitumie kwa kazi ya amani.

Nani kati yenu anaweza kuwa OPJ? Tunatafuta mtu mwenye tumbo kidogo na sauti kubwa, anayejua kukaa kwenye kufuli na kuruka bila kucheka mwenyewe.